Alama Niliyoifuta kwa Ufagio

Mado, mama,

Umekwenda kanisani, paroasi, kuwaaga wenzako wa kwaya na umesema utarudi kabla ya giza. Basi nina saa mbili tatu za mwanga. Umeme haupo tangu Jumapili, na hata ungekuwepo nisingeweza kuandika haya ukiwa nyumbani. Unanijua. Ungenitazama usoni mara moja tu ungesema, "Papa, kuko nini?" na mi ningesema hakuna kitu, kama nilivyosema miaka hii saba yote.

Nimekaa uwanjani, kwenye ngazi ya kile kibanda cha kubadilishia nguo. Naandika nyuma ya karatasi za kuhesabia pointi, zile tulizookota pamoja siku watu walipopora klabu, ile sekle, na kalamu ni yako ya shule. Nitajaribu kuandika Kiswahili kile mapadri walichonifundisha. Nikichoka kitachanganyika na cha kwetu cha uani, cha kwenye lupango, utanivumilia.

Mambo ya safari sitayaandika. Mama Feza, utakayesafiri naye, amevuka Kasumbalesa kufuata unga mara nyingi kuliko askari wenyewe wa mpakani, yeye atakuambia wapi pa kunyamaza na wapi pa kulia. Lori litapita alfajiri. Mfuko umeufunga mwenyewe, na umeufunga vizuri kunishinda. Mi nataka kukuandikia juu ya mpira mmoja tu.

Nilikupa jina la mama yangu, Ngoie, ndiyo maana nakuita mama hata nikikukasirikia. Leo jina hilo linanipa shida. Mtu anaanzaje kumwandikia mama yake kwamba alimwibia?

Ulikuwa na miaka kumi na minne. Kampuni ilikuwa bado inapumua. King'ora cha kiwanda kililia saa zake, gunia la unga lilikuja kila mwezi, hospitali ilikuwa na dawa, na mi nilikuwa mtunza uwanja wa tenisi wa sekle, ile klabu ya wakubwa wa Kampuni. Unakumbuka kazi ile, ulikuwa unanifuata tangu hujajua kusema vizuri. Alfajiri namwagilia maji, navuta jiwe la kusawazisha, nafunga kamba, nachora mistari kwa chokaa. Udongo wenyewe niliuleta kwa baiskeli kutoka vichuguu vya njia ya Shinkolobwe, nikausaga, nikauchekecha kwa chekecheo la unga la mama yako. Alinigombeza wiki nzima. Alisema bukari yake, ugali wa nyumba nzima, sasa ina ladha ya mchwa.

Raketi yako ya kwanza ilikuwa ya mzungu mmoja aliyeivunja kwa hasira. Niliikata mpini, nikaufunga kwa mpira wa ndani wa baiskeli. Ulikuwa unapiga kwenye ukuta wa kibanda hiki hiki, mchana, wakubwa wakiwa wamelala, tap, tap, tap, mpaka mpishi wa sekle anatoka anakufukuza kwa mwiko. Ulipofika miaka kumi na miwili hakuna mwanamke pale aliyeweza kurudisha mipira yako mitatu mfululizo. Wanaume walicheka, wakasema mutoto ya Kalenga iko na mukono. Nilijivuna, Mado. Nilivimba kama mandazi.

Mwaka ule majina ya kombe la wanawake hayakutosha. Bazungu walikuwa wameanza kuondoka kidogo kidogo. Sekretere wa sekle aliniita, akasema niandike jina lako ili orodha ijae. Uliwashinda wawili, ukaingia fainali na Madame, mke wa Direktere. Alikuwa amelichukua kombe lile miaka minne mfululizo. Hakuwa mtu mbaya. Alikupa viatu vyake vya zamani, na miguu yako iliogelea humo mpaka tukaweka matambara.

Asubuhi ya fainali, nikiwa bado navuta jiwe, sekretere alikuja na kikombe chake cha kahawa. Aliniambia mambo mawili. La kwanza, kwamba yule mgeni wa kofia nyeupe aliyefika jana ni mwalimu wa tenisi, anazunguka miji ya madini akitafuta msichana mmoja wa kupeleka shule ya tenisi Ulaya, alelewe huko mpaka awe mchezaji wa kulipwa. La pili alilisema akiangalia viatu vyake.

"Kalenga, Madame anapenda sana lile kombe. Na orodha ya watu watakaobaki kazini sekle iko mezani kwa Bwana Direktere. Atasaini Jumatatu."

Hayo tu. Hakuniambia nidanganye. Nataka ulijue hilo, kwa sababu nimejaribu miaka mingi kumtwika yeye mzigo, na kila nikimtwika unarudi kwangu. Hakuna mtu aliyeniambia nifanye kitu.

Sikukuambia lolote. Wala la mgeni, wala la orodha. Nilisema moyoni, acha mtoto acheze, Mungu ataamua. Mi nilikuwa mwamuzi wa mstari upande wa kibanda, sekretere amekaa juu kwenye kile kiti kirefu. Mama yako alikuwa nje ya uzio na beseni lake la mikate ya mafuta. Mgeni alikaa chini ya paa, miguu amekunja, na kijitabu.

Seti ya kwanza Madame, ya pili wewe. Mipira yote ile niliiita sawasawa, naapa. Wa kwako ukitoka nainua mkono, wa Madame ukitoka nainua mkono. Nilianza hata kujisifu kichwani kwamba mi ni mtu wa haki. Halafu seti ya tatu ukawa na tano kwa nne, na sekretere akasema, "Quarante-trente," sauti yake imekauka. Pointi moja tu, kombe lako. Madame alipiga mpira mrefu upande wako wa kushoto. Uliukimbilia na vile viatu vikubwa, ukaupiga kwa nyuma ya mkono, ukapita pembeni ya Madame, ukateremka kwenye kona yangu.

Mado, uliangukia mstari. Chokaa iliruka. Niliona vumbi jeupe, kidogo tu, kama mtu amepiga chafya kwenye unga. Nilikuwa hatua mbili kutoka pale.

Na mi nikainua mkono wa kulia. Nje.

Sijui niliuinuaje. Nimeuuliza mkono huu mara nyingi. Niliona gunia la unga, nikaona wadogo zako wawili na kikohozi chao, nikaona nyumba ya Kampuni tuliyolala, nikaona Jumatatu. Yote kwa muda wa mtu kufumba jicho. Sekretere aliuliza kama nina hakika, "Sûr, Kalenga?" Nikajibu, "Sûr, monsieur." Na wewe ukaanza kuja kwenye wavu ili uangalie alama, kwa maana nilikufundisha mwenyewe kwamba kwenye uwanja wa udongo mpira unaandika, na ukiwa na shaka nenda ukasome. Ulikuwa unakuja kusoma. Ufagio ulikuwa pembeni ya kiti changu, kwa kuwa kusafisha mistari ilikuwa kazi yangu. Niliinuka, nikafagia. Mara mbili, vizuri, kama fundi. Ulipofika kwenye wavu hapakuwa na kitu.

Ulinitazama. Hukunishuku hata kidogo, hilo ndilo linaniua. Ulitikisa kichwa, ukarudi nyuma. Mpira uliofuata uliutia kwenye wavu. Ule mwingine ukatoka kweli. Baada ya hapo mkono wako ulikuwa umeshaogopa, na Madame akabeba kombe lake la tano, akakubusu mashavu yote mawili.

Jioni ulikuja jikoni, mi naosha miguu. Ulisimama mlangoni na vile viatu mkononi.

"Papa, unisamehe. Jicho yangu ilinidanganya. Nilifikiri mupira uliingia."

Na mi nikakusamehe. Nilisema, "Haizuru, mama. Utazoea." Nikakuwekea mkono kichwani, mkono ule ule. Mado, katika maisha yangu nimefanya mambo ya aibu, kuna mengine hata padri hajayasikia, lakini hakuna linalonifanya nifunge macho mchana kama hilo la kukusamehe.

Yule mgeni alilala Likasi usiku mmoja zaidi. Kesho yake nilimbebea mfuko mpaka kwenye gari. Aliniuliza kwa Kifaransa kama ni mi baba wa yule msichana mdogo. Nikasema ndiyo. Akasema wewe una mkono ambao hajauona katika safari yake yote, lakini pointi kubwa ilipokuja jicho lilikukimbia na moyo ukafuata, na yeye anatafuta msichana asiyevunjika. Alisema pole. Nilikuwa nimeshika mfuko wake. Gari lilikuwa linanguruma. Ningesema maneno matatu tu, "Ule mpira uliingia," na sasa hivi ungekuwa mtu mwingine kabisa. Niliweka mfuko ndani, nikafunga mlango, nikasema safari njema.

Jumatatu orodha ilisainiwa. Jina langu lilikuwamo.

Mama yako alijua. Aliona chokaa kutoka kwenye uzio, na aliuona ufagio. Usiku ule na kesho yake alinipa chakula na kunitengea maji kama kawaida. Siku ya tatu ndiyo akasema, akiwa anachambua majani ya sombe, bila kuniangalia: "Baba Mado, ule mupira uliingia. Utamwambia mutoto lini?" Nikasema nitamwambia. Akasema, "Weye sema. Mi siwezi kumwambia mutoto baba yake ni mwizi." Kuanzia hapo hakunitania tena. Unakumbuka jinsi alivyokuwa ananitania? Watu wa kwao Kasai wana mdomo, na mi nilimwoa kwa ajili ya mdomo huo. Aliunyamazisha. Wewe ulifikiri amechoka na maisha.

Halafu miaka ile mibaya ilikuja, na watu wa Kasai wakaambiwa waende kwao, mtu aliyezaliwa hapa, aliyezika watoto hapa, aende kwao. Ulikuwa unampelekea mama yako chakula stesheni kila siku, ulikuwa unaruka juu ya watu waliolala na masufuria yao. Siku treni ilipopatikana, kaka zake walimpandisha na wadogo zako. Mi na wewe tulibaki kwa sababu ya jina langu, jina la watu wa hapa, na kwa sababu ya kazi, eti kazi. Alinishika shati kupitia dirisha. Nilifikiri atalia. Alisema, "Kalenga, mwambie. Usikufe nayo." Nikamwapia. Treni ikaondoka, na tangu siku hiyo hatujapata barua hata moja, na sisi wote wawili tunajua maana yake ingawa kila Jumapili unamwombea kama mtu aliye hai.

Basi nilimwapia, na bado sikukuambia. Mwanzo nilisema wewe ni mdogo. Halafu nikasema una huzuni ya mama yako. Halafu nikasema imeshapita, ya nini kuchokonoa. Mtu akitaka kunyamaza hakosi sababu, mama, zinamjia zenyewe bila kuitwa.

Na kile nilichokilinda? Direktere na Madame waliondoka na ndege, wakaacha mbwa wao amefungwa. Mshahara ulianza kuchelewa, halafu ukaacha kuchelewa kwa sababu haukuja tena. King'ora kikanyamaza. Sekle iliporwa mchana kweupe, na nilimwona mpishi wa sekle, yule wa mwiko, akipita na mlango wa choo kichwani. Wavu wetu ulikwenda kuvua samaki mto Lufira, kule chini ya bwawa la Koni. Nyumba niliyoinusuru bado tunayo, ndiyo ile, jikoni hakuna mabati. Lile kombe la Madame nililiona mwaka jana sokoni. Mama mmoja analitumia kupimia karanga. Nilisimama pale mpaka akaniuliza, "Baba, unanunua ama unaangalia tu?" Nikasema naangalia tu.

Sasa kwa nini leo.

Masœur, yule mtawa wa paroasi, alipoleta ile karatasi kutoka Kitwe, kule Zambia, mashindano ya wanawake, mmoja mmoja, ya kulipwa, na kwamba wasio na jina wanaweza kuingia kwa mchujo, uliruka ukagonga kichwa kwenye mlango. Ulicheka na damu inatoka. Nilicheka pia. Lakini moyoni mwangu kulikuwa na baridi, na nitakuambia ukweli kwa sababu barua hii haina kazi nyingine. Sidhani utashinda. Sidhani utashinda hata mechi moja. Una miaka ishirini na mmoja. Wenzako waliokwenda kwenye shule zile wamecheza mechi za kweli tangu utotoni, na wewe umecheza na mi, mzee wa goti moja, na ukuta wa kibanda. Miaka minne hujaupiga mpira wenye pumzi. Unajua tulivyokuwa tunaiosha ile mipira yenye upara, tunaianika kwenye bati, tunaipiga tena.

Na hilo nalo ni kosa langu. Lile kopo moja la mipira mipya nililolificha siku ya uporaji, nililitunza chini ya kitanda kama dawa. Kila mwaka ulisema tulifungue. Kila mwaka nilisema ngoja, ni kwa ajili ya siku yako kubwa. Jumanne tulilifungua. Ulikaa karibu ili usikie ile sauti, ile fssst niliyokusimulia. Kopo lilikuwa limeliwa na kutu chini. Halikusema kitu. Mipira ilikuwa mipya, ya njano, ina manyoya yake yote, na ilidunda kama viazi. Ulinitazama ukacheka, ukasema, "Papa, yako yote unawekaka tu." Ulisema kwa mzaha. Nilikwenda nyuma ya kibanda nikasimama huko.

Mchana ule ule, tukicheza na hiyo mipira, ndipo nilipojua siwezi kukuacha uende hivi. Nilikuambia piga kwenye mstari. Ukapiga ndani, urefu wa mkono mmoja ndani. Nikasema tena, mstari. Tena mkono mmoja ndani. Nikapiga kelele, kwa nini huuachi mpira ukaenda mpaka pale? Ukafuta jasho, ukasema:

"Papa, mi na mustari hatusikilizanaka. Tangu ile siku. Jicho yangu ni mubovu kwa mustari, unajua."

Ulisema taratibu, kama mtu anayesema ana mguu mfupi. Miaka saba umecheza kwenye uwanja ulio mdogo kuliko uwanja, kwa sababu mi nilikuambia jicho lako ni bovu, na ulikuwa unaniamini kuliko jicho lako.

Jicho lako ni zima, Mado. Lilikuwa zima siku ile kuliko la mtu yeyote uwanjani pale. Mpira ule ulipigwa na mtoto mwenye viatu vya watu, na ukaenda pale pale alipoutuma.

Sijui kama kulijua hili kutakusaidia. Labda ni kuchelewa. Mkono uliozoea kuogopa miaka saba hauachi kwa sababu ya karatasi. Labda utasoma haya, utakasirika, hutalala, na kesho yake mtoto fulani kutoka Harare atakushinda kwa dakika arobaini, na itakuwa tena ni mi niliyekuharibia. Nimelifikiria hilo. Nimefikiria kuichana barua hii na kukuacha uende na amani yako ya uongo. Lakini hiyo ndiyo kazi niliyoifanya miaka yote, kukuamulia kinachokufaa kukijua, na umeona ilipotufikisha.

Sikuombi unisamehe. Wewe ulishaniomba msamaha mi, jikoni, na niliupokea. Baada ya hapo sina mdomo wa kuomba.

Ukishindwa huko, usione haya, na usirudi kwa ajili yangu. Nakwambia hivi bila hasira na bila kujifanya jasiri. Hapa hakuna kitu cha kurudia. Rafiki wa Masœur ana nyumba ya kufulia nguo, atakupa kazi kama ukimwomba, na kufua nguo Kitwe ni bora kuliko kuwa na mkono mzuri Likasi. Vijana wa hapa wanaingia mashimoni mwa madini usiku na tochi, wengine hawatoki, na wasichana unajua wanachofanya kandokando ya mashimo. Nilikuwa nasema mambo yatatengemaa. Siku hizi nikisikia mtu anasema hivyo naona haya kwa niaba yake. Kiwanda hakitalia tena nikiwa hai. Mama yako hatashuka kwenye treni. Mi goti langu linavimba, nitavuta mwaka, nitavuta miwili.

Kuna jambo moja tu nitakalofurahi nalo, hata nisipoliona. Ukiwa kule, hata kama umeshashindwa, hata kama imebaki pointi moja na watu wameanza kuondoka, upige mpira mmoja mpaka kwenye mstari. Mwamuzi akiita nje, nenda ukaangalie mwenyewe. Usikubali mtu afagie kabla hujafika.

Barua hii nitaiweka ndani ya ala ya raketi, chini ya kile kitambaa cha mama yako. Hutaifungua kabla ya Kitwe kwa sababu Mama Feza atakukataza kuonyesha raketi mpakani. Ni woga, najua. Nimechagua pahali ambapo sitauona uso wako ukisoma. Kesho alfajiri nitakupandisha kwenye lori, utanishika shingo, utasema, "Papa, uniombee," na mi nitasema ndiyo, mama, na utaondoka ukiwa bado unanipenda. Nimekuibia na hicho, cha mwisho.

Lori likishapita nitachukua jembe. Jirani ameshalima upande wa pili wa uzio, viazi vitamu, ameniuliza mara mbili nangoja nini na udongo mzuri kama huu. Nilikuwa nangoja wewe uondoke. Nitaanza upande wako, pale ulipokuwa unasimama, halafu nitasogea taratibu. Kona ile nitaiacha mpaka mwisho.

Leo asubuhi ulipokuwa unapiga pasi gauni lako, nilikwenda pale na kamba yangu. Niling'oa majani, nikavuta mstari. Chokaa hakuna, nikachora kwa majivu ya jikoni. Nikachukua mmoja wa ile mipira ya upara, nikapiga magoti, nikauweka mahali pale pale ulipoangukia wako. Napajua, mama. Ningepajua gizani. Nikakaa na huo mpira muda mrefu, mtu mzima, mikono ina majivu, kama kuna mwamuzi atakayeshuka kwenye kiti aje aangalie. Hakuna aliyekuja. Mvua ya kwanza itayachukua majivu, na nikiishiwa chakula nitalima na hapo.

Nasikia sauti yako njiani, unaimba ile sehemu ya pili ya kwaya, unakosea palepale unapokosea siku zote. Mwanga nao unakwisha. Ngoja nikunje karatasi kabla hujafika, ukaniuliza kuko nini.

Ulikuwa ndani, Mado. Niliuona ukianguka.

Papa